Miguu ya Kuruta: Namna ya Kuiandaa Kabla ya JKT na Kuitunza Ukiwa Kambini

Wiki ya nne ndiyo wiki ya miguu. Wiki ya kwanza zahanati ya kambi hujaa vichwa, matumbo na watu waliokumbuka nyumbani. Ya pili ni malengelenge. Ikifika ya nne, foleni ya asubuhi unaitambua kwa mwendo: mmoja anakanyagia vidole, mwingine anaburuza kisigino, wa tatu ameshika bega la mwenzake. Nilikaa miaka kadhaa ndani ya dirisha la zahanati ya namna hiyo, nikiandika majina kwenye daftari na kupima wagonjwa.

Binti mmoja simsahau. Alikuja Jumatatu akasema ana "ugoko kidogo tu." Nikamwambia apandishe suruali, nikapitisha dole gumba juu ya mfupa wa mbele, taratibu, kuanzia chini ya goti. Kimya. Nikashuka. Nilipofika theluthi ya chini, upande wa ndani, mahali pasipozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, aliruka na kunidaka mkono. Alikuwa na maumivu hayo kwa siku 12. Kwa nini hakuja? "Niliogopa wataniita mtegaji, afande." Mtegaji ni anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi.

Mwongozo huu nauandikia vijana wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania: wa mujibu wa sheria, yaani waliomaliza kidato cha 6, wa kujitolea, wazazi wao, na maafande wa mazoezi wasiochukia kusoma. Nimeuandika kwa picha ya JKT kwa sababu huko ndiko nilikoona mambo haya kwa macho. Aliyeitwa Eldoret kuanza ukuruta wa KDF, jeshi la Kenya, naye ana miguu ileile, atachukua kinachomfaa.

Kwanza, elewa kinachoumia

Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza askari waliorudi kutoka safari ndefu za miguu wakiwa na nyayo zilizovimba na kuuma, bila kuanguka wala kugongwa. Hakuwa na eksirei, ambayo ilikuja miaka 40 baadaye. Ndipo ikaonekana kuwa mifupa myembamba ya wayo ilikuwa imepasuka. Hakuna kilichoipiga; mzigo mdogo uliorudiwa mara elfu nyingi ulitosha.

Hesabu mwenyewe. Mtu anayekimbia hupiga hatua kama 160 kwa dakika. Mchakamchaka wa dakika 40 ni hatua zaidi ya 6,000, na kila moja inaushukia mguu kwa uzito wa mara 2 hadi 3 ya mwili wako. Halafu kuna kwata, mazoezi ya gwaride. Halafu fatiki, kazi za mikono za kambi. Halafu kukimbilia msosi.

Mfupa unaweza kuzoea yote hayo, ila una utaratibu wake. Ukipewa kazi mpya, kwanza hubomoa sehemu iliyochakaa, kisha hujenga upya kwa nguvu zaidi. Ni kama fundi anayekarabati ukuta: lipu ya zamani lazima ing'olewe kabla ya mpya kupigwa. Kubomoa huchukua wiki chache. Kujenga na kukomaza kunaweza kufika miezi 3. Sasa weka kalenda ya mafunzo juu ya kalenda ya mfupa, utaona kwa nini wiki ya 3 hadi ya 6 ndiyo mbaya: mapafu yameshazoea, kuruta anajiona simba, afande anaongeza kasi, na ukuta bado hauna lipu.

Kambini utakutana zaidi na haya: maumivu ya ugoko yanayoenea kama upana wa kiganja, ufa wa mfupa, kama wa yule binti, maumivu ya mbele ya goti, hasa ukishuka ngazi au ukichuchumaa, kuteguka kifundo, kano ya kisigino kukaza asubuhi, na malengelenge. Hayo ya mwisho watu huyacheka, lakini mwenye lengelenge hubadili mwendo ili alikwepe, na mwendo uliopinda humletea balaa la goti.

Hatua ya 1: Anza Februari, usisubiri kuitwa

Hapa ndipo vijana wengi wa mujibu wanapoangukia. Mtihani wa kidato cha 6 ni Mei. Kabla yake ni miezi ya kukaa kwenye kiti, usiku na mchana. Kisha majina yanatoka, na ndani ya wiki chache mtu aliyekuwa akitembea kutoka bweni hadi darasani anakimbizwa alfajiri kule Ruvu, Mafinga au Oljoro. Mwili haukuarifiwa.

Ukiwa na wiki 10, zitumie hivi. Siku 3 kwa wiki zinatosha, na kati ya siku moja na nyingine acha siku ya kupumzika.

Wiki ya 1 na ya 2: tembea haraka dakika 30, mwendo wa mtu anayekimbizana na daladala bila kukimbia. Usidharau. Anayelipua siku ya kwanza kwa kilomita 5 huwa wa kwanza kuacha.

Wiki ya 3 na ya 4: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8.

Wiki ya 5 na ya 6: kimbia dakika 3, tembea 1, rudia mara 6. Kasi iwe ile unayoweza kuimba chenja bila kukata. Ukishindwa kumaliza mstari, punguza.

Wiki ya 7: pumzika nusu. Fanya nusu ya ulichofanya wiki iliyopita. Wengi huiruka wiki hii kwa sababu wanajisikia vizuri; wanajisikia vizuri kwa sababu mapafu yameshazoea, ila lipu mpya bado haijakauka.

Wiki ya 8 hadi ya 10: kimbia dakika 20 mfululizo, ukiongeza dakika 2 au 3 kila wiki. Hapa ongeza siku ya nne: matembezi ya saa 1 na begi mgongoni, kilo 5 kwanza, kisha 8. Mchele au mchanga kwenye mfuko wa nailoni unatosha. Wiki unayoongeza uzito usiongeze umbali. Na begi usikimbie nalo kamwe. Huo ni mchezo wa watu waliokwisha kukomaa.

Wakati wa mtihani fanya dakika 20 mara 2 kwa wiki, inatosha kuilinda kazi yako, na hata kichwa kitakushukuru.

Kimbilia wapi? Barabara ya vumbi iliyoshindiliwa au kiwanja cha mpira ni bora kwa kuanzia. Mchanga wa pwani, ule mkavu unaozamisha mguu, unachosha vigimbi na kuvuta kano ya kisigino, kwa hiyo usiufanye shule yako ya kila siku. Lami ukiipata, kimbia pande zote mbili za mteremko wake, siyo upande mmoja kila siku, ili mguu mmoja usiishi ukiwa chini ya mwenzake.

Hatua ya 2: Mpe mfupa kazi anayoielewa

Watafiti wa jeshi la Israeli waliwafuatilia makuruta wao kwa miaka mingi na kuona jambo ambalo sikulitarajia. Waliokuwa wamecheza michezo ya mpira, hasa kikapu, kwa miaka 2 au zaidi kabla ya kujiunga walipata nyufa za mifupa kwa uchache sana kuliko wenzao. Waliokuwa wakikimbia tu hawakupata kinga hiyo.

Ukifikiri, inaingia akilini. Kukimbia ni mdundo mmoja upande mmoja. Kikapu, netiboli, rede, hata kombolela, ni kuruka, kusimama ghafla, kugeuka, kukwepa. Mfupa unapigwa kutoka pande nyingi na unajijenga pande zote. Tena mfupa hausikilizi ngoma ndefu: baada ya mikito michache huziba masikio, ukiupumzisha saa kadhaa husikia tena. Kwa hiyo kuruka kamba dakika 3 asubuhi na dakika 3 jioni kunaujenga kuliko dakika 20 mfululizo.

Kuanzia wiki ya 3 ya ratiba yako, ruka kamba sekunde 30, pumzika dakika 1, rudia mara 3. Siku 3 kwa wiki. Ongeza taratibu hadi mizunguko 6. Tua kwa mbele ya wayo, goti likunje kidogo, na usikie: ukitua kwa kishindo unatua vibaya. Kama shuleni kwenu kuna timu ya netiboli au kikapu, jiunge kidato cha 5, usingoje cha 6. Huo ndio ushauri wa thamani kubwa zaidi humu, na hauna gharama.

Nasikia swali la kuruka kichura. Kichura ni zoezi halali kwa miguu iliyoandaliwa, kwa mizunguko michache, kwenye nyasi. Kichura cha adhabu, mizunguko ya kuuzunguka uwanja, juu ya miguu iliyokimbia alfajiri, ni njia ya kupeleka magoti zahanati. Usikifanyie mazoezi nyumbani eti ukizoee.

Hatua ya 3: Mazoezi ya ukutani na ngazini

Jeshi la Uingereza liliwahi kuwagawa makuruta 1,502 makundi mawili kwa wiki 14. Kundi moja liliendelea na mazoezi ya kawaida ya kupasha mwili, la pili likapewa machache ya nguvu kabla ya kazi na ya kujinyoosha baada yake. Waliopata maumivu ya mbele ya goti kundi la kwanza ni asilimia 4.8, la pili asilimia 1.3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mazoezi yenyewe hayahitaji hata kopo la saruji:

1. Simama ubavu ukiwa umeelekea ukuta, sentimita chache tu. Inua mguu ulio karibu na ukuta, kunja goti, kisha sukuma ukuta kwa upande wa nje wa goti. Shikilia sekunde 10. Utashangaa: kinachowaka ni nyonga ya mguu uliosimama. Ndicho tunachokitaka.

2. Piga hatua ndefu mbele, shuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu, rudi. Goti la mbele liangalie kidole cha pili cha mguu. Lisikimbilie ndani kutafuta mwenzake.

3. Panda kidato cha ngazi, kimo cha sentimita 20 hivi. Simama mguu mmoja, shusha mwingine taratibu mpaka kisigino kiguse sakafu kama unagusa yai. Panda tena.

4. Simama mguu mmoja, chuchumaa nusu tu, ukiwa umekaza makalio. Rudi.

Mwezi wa kwanza fanya mara 8 kila upande, mizunguko 2, siku 3 kwa wiki. Baadaye mara 12, mizunguko 3. Mwombe mtu akae mbele yako akutazame magoti, kwa sababu mwenyewe utajidanganya. Goti likiyumba kuingia ndani, punguza kina cha kushuka hadi litulie.

Mimi huongeza mawili. La vigimbi: simama ukingoni mwa kidato, visigino vikining'inia, panda juu kwa sekunde 2, shuka kwa 3, mara 12. Fanya miguu ikiwa imenyooka, kisha magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa maana kuna misuli miwili pale na kila mmoja una mlango wake. La pili ni la kifundo: piga mswaki ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Ikiwa rahisi, fumba macho. Aliyewahi kuteguka huko nyuma ndiye anayeongoza kwa kuteguka tena, hivyo kwake hili si hiari.

Sitaki uondoke ukidhani mazoezi haya ni hirizi. Denmark walijaribu mpango wa kinga unaofanana na huu kwa askari 1,020 na hawakuona tofauti ya majeraha. Ninavyoona mimi, ukiupa mwili mzigo wa ghafla uliozidi kipimo, hakuna zoezi la ukutani litakalouokoa.

Na kujinyoosha kabla ya kukimbia? Australia walilipima mwaka 2000 kwa makuruta 1,538: walionyooshwa na wasionyooshwa waliumia sawasawa. Kilichotofautisha ni utimamu wa mwili waliokuja nao. Basi kabla ya kukimbia tembea dakika 5, rusha miguu, zungusha nyonga, kimbia polepole. Kunyoosha mapaja na vigimbi kuache mwisho, mwili ukiwa moto.

Hatua ya 4: Raba, buti na soksi

Tangazo la JKT hutaja raba za michezo za kijani au bluu. Watu husoma rangi wakasahau raba. Kila mwaka naona vijana na viatu vya turubai vya rangi sahihi kabisa na soli nyembamba kama chapati ya maji. Rangi ni ya gwaride. Soli ni ya mguu wako.

Ukinunua mtumba, fanya hivi. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kirudishe, kimeshachukua umbo la mguu wa mwenye nacho wa kwanza. Bonyeza soli kwa dole gumba kwenye kisigino: irudi kama sponji mpya; ikiwa ina mikunjo mikunjo pembeni na haibonyei, imekufa. Kikunje: kipinde kwenye vidole, siyo katikati ya wayo. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, ukiwa umevaa soksi utakayokimbilia. Upana wa dole gumba ubaki mbele ya kidole kirefu. Kisha kikimbilie angalau wiki 3 kabla ya kuripoti. Usipoteze fedha kumlipa mtu akupime umbo la unyayo ili akuchagulie raba: jeshi la Marekani lilijaribu kugawa raba kwa umbo la unyayo na majeraha hayakupungua.

Buti utapewa huko huko, na hutapata wiki 3 za kuzoeana. Ukipewa zisizotosha sema siku ileile, wakati stoo bado ina za kubadilisha. Jioni zivae kwa muda wa saa 1 ndani ya hanga, bweni la kambi. Soksi vaa mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi. Kaza kamba kwenye kifundo, legeza vidoleni. Mahali panapoanza kuwaka moto pabandike plasta kabla lengelenge halijatoka; likishatoka usilichune ngozi.

Hatua ya 5: Chakula na usingizi

Wanajeshi wapya wa kike 5,201 wa jeshi la majini la Marekani walipewa, wengine vidonge vya kalsiamu na vitamini D, wengine vidonge visivyo na kitu. Waliopewa vya kweli walipata nyufa za mifupa pungufu kwa asilimia 20 hivi. Sikutumi duka la dawa. Nakutuma sokoni: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, ufuta. Jua tunalo la kutosha, ingawa mwanafunzi aliyejifungia maktaba miezi 4 hana uhakika wa kulipata.

Mabinti nisikilizeni kidogo. Wapo wanaojinyima wali na ugali kabla ya kuripoti ili wawe wepesi. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kuzima vitu, na hedhi ni mojawapo ya vya kwanza. Hedhi ikikatika miezi 3 na wewe unafanya mazoezi, mifupa yako iko hatarini. Iambie zahanati, hata kama unaona haya. Kambini kula sahani yote. Ugali na maharage ya pale ndiyo saruji yenyewe.

Usingizi unaamuliwa na filimbi na lindo, kwa hiyo uwezo wako ni mdogo. Ila Israeli walipolazimisha usingizi usiopungua saa 6 na kupunguza jumla ya kilomita za matembezi, nyufa za mifupa zilishuka zaidi ya nusu. Porojo za hanga baada ya taa kuzimwa ni tamu, nazijua, lakini zinalipwa na ugoko.

Hatua ya 6: Soma maumivu yako

Maumivu yanayoenea na kupoa ukishapata joto, kisha kesho yake yamekwisha: endelea, punguza kidogo.

Maumivu yanayobaki baada ya mazoezi, au yanayoanza mapema zaidi kila siku: ripoti siku hiyo.

Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayouma ukiruka kwa mguu mmoja, au yanayokuamsha usiku: acha kukimbia hapo hapo. Kuruka jaribu mara 1 tu, usirudie ili kuhakikisha.

Maumivu ya ndani kwenye kinena au mbele ya nyonga, yanayozidi ukisimamia mguu huo: usitembee kwenda zahanati, ubebwe. Huenda shingo ya mfupa wa paja ina ufa, na ukiachia ikakatika ni operesheni, pengine ulemavu wa maisha.

Kigimbi kinachokaza kama jiwe na wayo kufa ganzi, au kigimbi kimoja kuvimba na kuwa cha moto, hivyo navyo havisubiri kesho.

Jambo moja huwaponza wengi. Eksirei ya wiki ya kwanza au ya pili ya maumivu mara nyingi huonyesha mfupa mzima kabisa, kwa sababu ufa haujaanza kuacha alama. Kuruta anarudishwa kwenye mstari na karatasi inayosema hana kitu. Kama kidole bado kinapata ile sehemu ya sarafu, omba upumzishwe na picha irudiwe baada ya wiki 2 au 3. Na kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili uweze kukimbia ni kukata waya wa king'ora nyumba ikiwaka.

Ukiteguka kifundo: baridi dakika 15 hadi 20, bandeji ya kuvutika, mguu juu. Siku 2 za mwanzo usikande kwa maji ya moto, na usimruhusu mwenzako fundi wa kuvuta viungo akuvute. Ikiwa huwezi kupiga hatua 4, au mfupa wa pembeni wa kifundo unauma ukibonyezwa, unahitaji eksirei.

Kwa afande wa mazoezi

Wanamaji wa Marekani kule San Diego walipunguza umbali wa kukimbia wa makuruta kwa takriban asilimia 40 katika wiki 12. Nyufa za mifupa zikashuka kwa nusu na zaidi, na muda wao wa mtihani wa maili 3 karibu haukubadilika. Kilomita zile za ziada zilikuwa zinazalisha wagonjwa tu.

Hesabu siku nzima. Ukikimbiza alfajiri, na mwenzako wa kwata akapigisha miguu kwenye zege saa 3, na wa tatu akawapeleka shambani kwa mwendo wa haraka, hakuna kati yenu aliyezidisha, ila mguu umepokea yote. Kaeni pamoja mara moja kwa wiki mpange. Wiki ya 3 na ya 4 punguzeni kukimbia, ongezeni nguvu na ufundi wa kwata bila kupiga chini.

Gawanya makundi kwa uwezo, kwa mtihani mfupi wa kukimbia siku za mwanzo. Kwenye ruti machi, matembezi marefu ya kikosi, weka wafupi mbele. Binti wa futi 5 anayelazimishwa kuvuta hatua ya kijana wa futi 6 anaulipia nyonga. Australia walipofupisha hatua na kupunguza kasi ya matembezi kwa makuruta wa kike, nyufa za nyonga zilipungua sana.

Na lile neno la mtegaji. Wategaji wapo, nimewashika wengi, na dole gumba huwa linawagundua: mwongo huonyesha sehemu mpya kila ukimuuliza. Mwenye ufa hurudi palepale hata ukimfumba macho.

Kurudi baada ya kuumia

ED, ile ruhusa ya zahanati ya kupumzishwa kazi, ikiisha, usirudi moja kwa moja kwenye mstari. Tembea haraka dakika 30 siku 3 mfululizo bila maumivu. Kisha rudi kwenye ile ratiba ya wiki ya 3: dakika 1 kimbia, 2 tembea. Siku ikiuma, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo siku 3. Kamba na kichura ni vya mwisho kabisa.

Yule binti alipewa wiki 6. Alihamishiwa jikoni, akawa anachambua maharage ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, na kila jioni akifanya zoezi la ukutani kwa mguu mzima. Alikosa ruti machi. Siku ya kufunga mafunzo alikuwa mstari wa nyuma wa gwaride, na kila walipopiga mguu chini nilimwona anauweka wa kushoto kwa upole, nusu ya kishindo cha wenzake, kama nilivyomwelekeza. Afande wa kwata aliona. Hakusema kitu.